Mabaki ya Nyota juu ya Nyiragongo na Ziwa Kivu: Darubini za Redio Zinavyochunguza Supanova

Supanova ni kifo cha ghafla cha nyota. Kwa wiki chache nyota moja iliyolipuka huweza kung'aa kuliko mamilioni ya nyota zinazoizunguka, kisha nuru yake hufifia na macho ya binadamu hayaioni tena. Mawimbi ya redio hayafuati ratiba hiyo. Mahali palipotokea mlipuko huendelea kutoa redio kwa miaka, kwa karne, pengine kwa maelfu mengi ya miaka, na sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu nyota zilizokufa yamepatikana kwa antena.

Jiji la Goma liko kusini kidogo ya ikweta, kwenye latitudo ya digrii 1.7. Kwa anayetazama mbingu, hapo pana bahati ambayo Ulaya na Marekani hazina: karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu ya jiji katika muda wa mwaka mmoja. Katika kartie ya Mapendo, ndani ya komini ya Goma, anayegeukia kaskazini anaelekea Nyiragongo, mlima wenye urefu wa mita 3,470, na anayegeukia kusini anaelekea Ziwa Kivu. Mabaki mawili ya supanova yaliyochunguzwa sana kwa redio yamegawana pande hizo. Mwishoni mwa Oktoba, kwenye saa tatu za usiku, kundi la nyota la Mke wa Kurusi husimama upande wa volkano, na ndani yake yamo mabaki yaitwayo Cassiopeia A, yakiwa digrii 30 hivi juu ya upeo wa macho. Mwezi wa Februari, saa mbili za usiku, upande wa ziwa huonekana doa hafifu la nuru chini ya nyota Suheli. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, na humo ndimo ilimolipuka Supanova 1987A. Mkazi wa London hawezi kuliona Wingu hilo akiwa kwao hata siku moja. Cassiopeia A nayo haichomozi kabisa Cape Town.

Nyota huishi kwa kuunganisha viini vya atomi. Hidrojeni huungana ikawa heli, na katika nyota nzito heli huendelea kuzaa kaboni, oksijeni, silikoni, hadi chuma. Kila hatua hutoa nishati inayozuia nyota isiporomoke kwa uzito wake yenyewe, ila chuma hakitoi nishati kikiunganishwa. Nyota yenye uzito wa zaidi ya mara nane ya Jua ikishajaza chuma katikati, kiini chake, chenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kugeuka kuwa mpira wa nyutroni wenye kipenyo cha kilomita 20 hivi. Nishati inayofunguliwa hapo huitupa nje sehemu yote iliyobaki. Ipo pia aina ya pili ya supanova, ile ya nyota kibete nyeupe inayolipuka baada ya kupokea gesi kutoka kwa nyota mwenzake au kugongana na kibete kingine; aina hiyo itatajwa tena mbele, kwa sababu kwa redio imekuwa bubu kwa muda mrefu.

Milipuko hii haiko mbali na maisha ya watu kama inavyodhaniwa. Katika mawe meusi ya lava ambayo Goma imejengwa juu yake, elementi iliyo nyingi kuliko zote kwa uzito ni oksijeni, na sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo ulimwenguni ilitengenezwa ndani ya nyota kubwa na kutapanywa na supanova kabla Jua halijazaliwa.

Redio hutokea baada ya mlipuko wenyewe. Gesi iliyotupwa husafiri kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na mbele yake hutangulia wimbi la mshtuko linalokumba gesi iliyotanda kati ya nyota. Ndani ya wimbi hilo elektroni husukumwa hadi kukaribia kasi ya nuru, na uga wa sumaku huzipindisha njia zake. Elektroni inayokwenda kwa kasi hiyo ikipindishwa hutoa mawimbi ya redio. Wanafizikia huita jambo hili mnururisho wa sinkrotroni. Mawimbi yenyewe ni ya jamii moja na yale yanayoleta matangazo ya Radio Okapi majumbani, ingawa wanaastronomia hupendelea masafa ya juu zaidi, kuanzia megahezi mia kadhaa hadi maelfu mengi.

Faida ya redio inaeleweka upesi na mtu anayeishi chini ya volkano. Mawingu ya masika na moshi wa Nyiragongo huziba nyota kwa wiki nzima, lakini mawimbi ya redio ya masafa hayo hupita ndani yake bila kudhurika sana, usiku na mchana. Hupita vilevile katika vumbi lililotanda kati ya nyota, ambalo katika galaksi yetu linaficha sehemu kubwa ya anga kwa darubini za vioo.

Aliyegundua kwamba mbingu inatoa redio hakuwa mwanaastronomia. Karl Jansky, mhandisi wa maabara ya Bell nchini Marekani, alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha kelele zilizokuwa zikisumbua simu za ng'ambo, na katika miaka ya 1932 na 1933 akaonyesha kwamba kelele mojawapo ilitoka katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Wanaastronomia wengi hawakumjali. Mhandisi mwingine, Grote Reber, alijijengea mwaka 1937 sahani yenye kipenyo cha mita 9 na nusu hivi nyumbani kwake Wheaton, jimbo la Illinois, na kwa miaka kadhaa akachora ramani ya kwanza ya anga la redio karibu peke yake duniani. Katika ramani zake, upande wa Mke wa Kurusi ulionyesha uvimbe wa redio ambao hakuna aliyejua ni wa nini.

Jibu lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale wataalamu wa rada walipogeuzia vifaa vyao mbinguni. Mwaka 1948 Martin Ryle na Francis Graham Smith, wakiwa Cambridge, walikipata katika Mke wa Kurusi chanzo kikali cha redio ambacho ndicho kinachoitwa sasa Cassiopeia A. Huko Sydney, Australia, John Bolton na wenzake Gordon Stanley na Bruce Slee walitumia mbinu ya ajabu: antena iliwekwa juu ya jabali la pwani ya Dover Heights, ikapokea kwa pamoja mawimbi yanayokuja moja kwa moja kutoka angani na yale yaliyoakisiwa na uso wa bahari. Kwa kulinganisha mawimbi hayo mawili waliweza kujua chanzo kiko wapi kwa usahihi ambao antena moja ya wakati ule isingeweza kuufikia. Mwaka 1949 walitangaza kwamba chanzo kimoja chenye nguvu kilikuwa mahali pamoja na Nebula ya Kaa.

Nebula hiyo ilikuwa na historia iliyoandikwa. Tarehe 4 Julai 1054 watazamaji wa nyota nchini China waliandika habari za nyota mpya, angavu kiasi cha kuonekana mchana kwa siku 23. Tabibu Ibn Butlan wa Baghdad naye aliiandika. Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa waandishi wa Kiarabu: Ali ibn Ridwan wa Misri aliwahi kueleza nyota mpya ya mwaka 1006, aliyoiona angavu kuliko Zuhura. Nebula ya Kaa iko katika kundi la Ng'ombe, si mbali na Kilimia ambayo wakulima wa Afrika Mashariki waliitumia kupanga msimu wa kulima, na juu ya Goma hupanda hadi digrii 66 upande wa kaskazini. Kwa ugunduzi wa Sydney, kwa mara ya kwanza chanzo cha redio nje ya mfumo wa Jua kilifungamanishwa na kitu kinachoonekana, na kitu chenyewe kilikuwa mabaki ya supanova. Mwaka 1953 Mrusi Iosif Shklovsky alieleza kwamba nuru na redio ya Nebula ya Kaa vyote viwili ni mnururisho wa sinkrotroni.

Mwaka 1968 redio ilifichua kilichobaki katikati ya nebula hiyo. Mwaka mmoja nyuma Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alikuwa amegundua pulsa ya kwanza, nyota inayotoa mapigo ya redio yenye mpangilio kamili. Kisha wanaastronomia wa Green Bank, Marekani, walinasa mapigo kutoka Nebula ya Kaa, na darubini ya Arecibo ikapima kwamba yanarudi mara 30 hivi kwa sekunde. Nyota ya nyutroni pekee ndiyo inayoweza kuzunguka kwa kasi hiyo bila kusambaratika. Nadharia ya kuporomoka kwa kiini ilikuwa imepata ushahidi wake. Mwaka huohuo pulsa ya Vela ilipatikana kwa darubini ya Molonglo, Australia, ndani ya mabaki ya supanova iliyotokea yapata miaka 11,000 iliyopita.

Cassiopeia A inastahili kuelezwa kwa urefu zaidi. Ukiliacha Jua, ni miongoni mwa vyanzo vikali kabisa vya redio angani, lakini mlipuko wake, uliofika Duniani karibu na mwaka 1680, haukuacha kumbukumbu yoyote iliyo wazi katika maandishi ya watu. Vumbi la Njia Nyeupe liliuficha. Mabaki hayo yako umbali wa miaka ya nuru 11,000 hivi, na picha za redio zilizopigwa kwa miaka mingi zikilinganishwa huonyesha vipande vya gesi vikiendelea kutawanyika kwa kasi inayofikia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Jambo lingine linalopimika ni uzee wake: redio ya Cassiopeia A hupungua kwa chini kidogo ya asilimia 1 kila mwaka. Shklovsky alitabiri upungufu huo mwaka 1960, na vipimo vikauthibitisha. Ni nadra katika astronomia mtu kutabiri badiliko la kitu kilicho mbali namna hiyo na kuliona likitimia katika uhai wake.

Hayo yote ni mabaki ya zamani. Kunasa redio ya supanova ikiwa bado changa kulichelewa hadi miaka ya 1970, na hapo ndipo elimu hii ilipopata hazina yake kubwa. Supanova 1970G, katika galaksi ya M101, ilikuwa ya kwanza kunaswa. Kazi ilishika kasi kwa darubini ya VLA ya New Mexico, yenye sahani 27 za mita 25 kila moja, zinazofanya kazi kama darubini moja. Kurt Weiler na wenzake waliielekeza kwenye Supanova 1979C mwaka mmoja baada ya mlipuko kuonekana, wakaikuta inatoa redio nyingi, na wakaendelea kuipima miaka nenda miaka rudi.

Kilichodhihirika ni kwamba redio inahifadhi wasifu wa nyota kabla ya kifo chake. Nyota kubwa iliyozeeka hupoteza gesi mfululizo kwa njia ya upepo wake. Upepo wa nyota nyekundu iliyovimba huenda kwa kasi ya kilomita 10 hivi kwa sekunde. Wimbi la mshtuko la supanova huenda kwa kilomita 10,000. Ni kama chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zilizotoka Goma kwenda Sake tangu alfajiri, kisha pikipiki ikaondoka saa nne na kuzifuata: kadiri pikipiki inavyosonga mbele ndivyo inavyozikuta zile zilizotangulia zaidi, na dereva akihesabu mizigo njiani atajua chukudu ngapi zilitoka kila saa ya asubuhi hiyo. Wimbi la mshtuko nalo, kwa mwaka mmoja wa safari, hupita katika gesi iliyotupwa na nyota kwa muda wa miaka 1,000 kabla ya kulipuka. Gesi ikiwa nzito, redio hupanda. Ikiwa nyepesi, hushuka. Katika Supanova 1979C nguvu ya redio ilipanda na kushuka kwa namna iliyowafanya watafiti wapendekeze kwamba nyota hiyo ilikuwa na mwenzake aliyeizunguka na kuuchafua upepo wake. Hakuna darubini ya nuru ya kawaida iliyoweza kuona hayo.

Redio ya supanova changa haiji kwa masafa yote mara moja. Upepo uliopashwa joto na mlipuko huzuia masafa ya chini, kwa hiyo masafa ya juu hutangulia na ya chini hufuata baada ya wiki au miezi, wimbi la mshtuko linapofika mahali penye gesi chache mbele yake. Kwa kupima ucheleweshaji huo watafiti hukadiria nyota ilikuwa ikipoteza gesi kiasi gani kila mwaka.

Supanova 1993J, iliyoonwa kwanza na Mhispania Francisco García Díaz tarehe 28 Machi 1993 katika galaksi ya M81, ilitoa picha zenyewe. M81 iko miaka ya nuru milioni 11 au 12 kutoka hapa, na kwa umbali huo hakuna sahani moja duniani inayoweza kuona umbo la gamba la gesi lenye umri wa miezi michache. Ukali wa darubini ya redio hutegemea upana wake ukilinganishwa na urefu wa wimbi, na mawimbi ya redio ni marefu mno. Dawa yake ni kuunganisha antena zilizotengana maelfu ya kilomita. Kila moja hurekodi mawimbi pamoja na wakati unaopimwa kwa saa ya atomi, kisha rekodi hukusanywa na kuchanganywa kwa kompyuta, na matokeo huwa na ukali wa sahani yenye upana wa bara zima. Kwa njia hiyo Norbert Bartel na Michael Bietenholz wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, pamoja na wenzao, na kundi jingine la Uhispania, walipata mfululizo wa picha za duara la redio likikua mwaka baada ya mwaka. Bietenholz baadaye alifanya kazi pia na kituo cha Hartebeesthoek, Afrika Kusini, chenye sahani ya mita 26 iliyojengwa mwaka 1961 kwa ajili ya vyombo vya anga vya Marekani.

Miaka sita kabla ya Supanova 1993J ilikuwa imetokea supanova iliyo karibu kuliko zote zilizoonwa tangu darubini zivumbuliwe. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton na Oscar Duhalde waliiona kutoka Las Campanas, Chile, ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Ilionekana kwa macho matupu. Kwa watu wa Goma mahali pake palikuwa upande wa ziwa, saa za mwanzo za usiku, na mwezi ulikuwa umekaribia kuandama, kwa hiyo anga lilikuwa na giza. Palipokosekana mawingu, nyota hiyo mpya ilikuwa mbele ya macho ya kila aliyetazama kusini. Saa chache kabla nuru haijaonekana, mitambo ya Japani, Marekani na Urusi ilikuwa imenasa chembe za nyutrino ishirini na ushei, ishara ya kiini kilichoporomoka.

Darubini ya Molonglo ilinasa redio yake siku mbili tu baadaye. Redio hiyo ilikuwa hafifu, ikafikia kilele kwenye siku ya nne hivi, kisha ikatoweka. Sababu ilijulikana: nyota iliyolipuka, Sanduleak −69 202, haikuwa jitu jekundu kama ilivyotarajiwa, ilikuwa jitu la buluu lenye upepo mwepesi na wa kasi, na wimbi la mshtuko halikupata kitu cha kugonga. Katikati ya mwaka 1990 redio ilirudi. Wimbi lilikuwa limefikia gesi nzito zaidi ya zamani, iliyotupwa wakati nyota ilipokuwa bado nyekundu. Tangu hapo darubini ya Australia iliyo karibu na Narrabri, yenye sahani sita za mita 22, imeifuatilia pete ya redio ikizidi kung'aa na kupanuka, upande wa mashariki ukiwa mkali zaidi. Pete ya gesi inayozunguka mahali hapo ilitupwa yapata miaka 20,000 kabla ya mlipuko. Pulsa yake haijanaswa kwa redio. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ilionyesha dalili kwamba nyota ya nyutroni imo humo, ikiwasha gesi iliyoizunguka.

Vumbi, lililoficha mlipuko wa Cassiopeia A, linaendelea kuficha milipuko mingine. Mwaka 2009 Andreas Brunthaler na wenzake waligundua katika galaksi ya M82 supanova iliyokuwa imelipuka mwaka uliotangulia bila mtu yeyote kuiona kwa nuru, ingawa M82 hutazamwa mara kwa mara na wataalamu na wapenzi wa anga. Redio pekee ndiyo iliyoifichua, nayo ikapewa jina la Supanova 2008iz. Karibu na kitovu cha galaksi yetu yapo mabaki yaitwayo G1.9+0.3, machanga kuliko yote yanayojulikana katika Njia Nyeupe. Mwaka 2008 picha mpya zilipolinganishwa na ya redio ya mwaka 1985 ilibainika kwamba yamepanuka kwa haraka mno, na umri wake ukakadiriwa kuwa kati ya miaka 100 na 150. Kwa maneno mengine, nuru ya nyota hiyo ilikuwa ikifika Duniani takriban katika zama zile Gustav Adolf von Götzen alipopanda Nyiragongo mwaka 1894, na hakuna aliyeiona. Supanova ya mwisho ndani ya galaksi yetu kuonwa kwa macho na watu wengi ni ya mwaka 1604.

Aina ya nyota kibete nyeupe ndiyo iliyowatesa watafiti wa redio. Supanova 2011fe na 2014J zilikuwa za aina hiyo na zilikuwa karibu, lakini antena hazikunasa chochote, jambo lililothibitisha kwamba mazingira yake yana gesi chache sana. Mwaka 2023 hatimaye ilitangazwa redio ya kwanza ya aina hiyo, kutoka Supanova 2020eyj, ambayo kibete chake kilikuwa kimezungukwa na gesi yenye heli nyingi kutoka kwa nyota mwenzake.

Afrika Mashariki iliingia katika utafiti wa mabaki ya supanova mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilichora ramani ya kwanza ya anga la miale ya eksirei, na mabaki ya Cassiopeia A na Nebula ya Kaa yamo katika orodha yake. Eksirei huonyesha gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, redio huonyesha elektroni zenye kasi. Picha moja bila nyingine haitoshi.

Kwa redio, mahali panapotajwa ni Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Kituo cha setilaiti kilianza kazi huko mwaka 1970, na sahani yake ya mita 32 ilibeba simu na televisheni za kimataifa. Nyaya za baharini za kioo zilipofika Mombasa mwaka 2009, sahani kubwa kama hizo zilipoteza kazi barani kote. Ndipo wanaastronomia wa Afrika Kusini walipopendekeza zigeuzwe kuwa darubini. Ghana ilitangulia: sahani ya mita 32 ya Kuntunse, karibu na Accra, ilizinduliwa kama darubini ya redio Agosti 2017. Longonot imo katika mpango huohuo. Kutoka Goma ni kilomita 800 hivi kwa mstari ulionyooka, latitudo ni karibu ileile, na kila upande una volkano yake, mmoja katika tawi la mashariki la Bonde la Ufa, mwingine katika tawi la magharibi.

Umuhimu wa mahali hapo unatokana na ramani. Antena za Ulaya ziko kaskazini, Hartebeesthoek iko kusini, na kati yake pana pengo la maelfu ya kilomita. Picha inayotengenezwa na antena zilizotengana hivyo huwa na kasoro, kwa sababu hakuna vipimo vya umbali wa katikati. Sahani iliyoko karibu na ikweta huziba pengo hilo, na juu yake huona pande zote mbili: Cassiopeia A ambayo darubini ya MeerKAT iliyo kusini haiwezi kuifikia, na Wingu Kubwa la Magellan ambalo VLA haiwezi kulifikia. MeerKAT, yenye sahani 64 za mita 13.5, ilizinduliwa Julai 2018 katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, na imetoa picha za mabaki ya supanova karibu na kitovu cha galaksi zenye undani ambao haukuwahi kupatikana. Sahani zake zitaingizwa katika darubini kubwa ya SKA, itakayokuwa na sahani 197 upande wa Afrika. Washirika wa Afrika Kusini katika mpango huo ni nchi nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kongo haimo.

Goma yenyewe si mahali pa kujenga darubini kubwa. Redio inayotoka kwenye supanova ya mbali ni dhaifu kiasi kwamba simu moja ya mkononi ikiwashwa Mwezini ingekuwa miongoni mwa vyanzo vikali vya anga lote, na jiji limejaa minara ya simu, vituo vya FM na redio za upepo za mashirika na majeshi. Karoo ililindwa kwa sheria maalumu ya mwaka 2007 inayozuia mawimbi kama hayo. Zaidi ya hapo, tabaka la juu la hewa karibu na ikweta huchafuka baada ya jua kuchwa na kuyumbisha masafa ya chini.

Kinachowezekana Goma ni elimu, na haihitaji fedha nyingi. Jiji tayari lina watu waliozoea kusoma mitambo inayotuma vipimo kwa redio kutoka milimani usiku na mchana, katika kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG. Vipimo vingi vya VLA, pamoja na vile vya supanova zilizotajwa hapa, vimewekwa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Mradi wa mafunzo wa DARA, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, umekuwa ukiwafundisha vijana wa nchi washirika wa SKA astronomia ya redio tangu mwaka 2015, na kazi yake imeonyesha kwamba wanafunzi wa fizikia na umeme huishika elimu hii kwa muda mfupi. Sahani ya mita mbili au tatu, kipokezi cha bei nafuu na kompyuta ya kawaida vinatosha kupima redio ya Jua na ile ya hidrojeni ya Njia Nyeupe kwenye megahezi 1,420. Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu na walimu wa fizikia wa sekondari waanze na sahani kama hiyo, na serikali ya Kinshasa iombe nafasi katika ushirika ambao jirani yake Zambia, pamoja na Kenya, wamo tayari.